UZI: Kopo la zamani la Balkan Sobranie, kipi ni ladha ya jani na kipi ni ladha ya miaka?

MotoMdogo (mwanzisha uzi)

Wakuu wa kiko, hili jambo likiguswa huwa linaishia kwenye "utamu usiosemeka" na hakuna anayetoka na kitu mkononi. Tuliweke sawa hapa.

Ukifungua kopo la tumbaku ya kiko ya Balkan Sobranie Original Smoking Mixture lenye miaka arobaini, unachokipata puani na ulimini ni vitu vitatu vilivyoshikana. Cha kwanza ni mchanganyiko wenyewe kama fundi alivyoupanga. Cha pili ni kile miaka ilichokifanya ndani ya kopo. Cha tatu ni kopo lenyewe: lilibana au lilivuja, lilikaa pakavu au penye joto. Wengi wanasifia cha pili wakidhani ni cha kwanza. Wengine wanaulaumu mchanganyiko kwa makosa ya kopo.

Nianze na mchanganyiko. Sobranie ni nyumba ya London iliyoanza mwaka 1879. Original Smoking Mixture, ile ya kopo jeupe, imesimama juu ya majani ya aina tatu: Virginia, majani madogo ya Mashariki (Yenidje, kutoka upande wa Xanthi kule Ugiriki, ndiyo iliyokuwa ikitajwa kwa fahari), na Latakia, jani lililofukizwa kwa moshi wa kuni. Kopo jeusi, namba 759, ni ndugu yake mzito zaidi, Latakia imekaa mbele.

Tabia yake ikiwa hai: harufu ya kwanza ni ngozi mpya na moshi wa kuni uliokwisha kuzimika, siyo moshi wa moto unaowaka. Chini yake kuna uchachu mkavu, kama ganda la tunda lililokauka. Huo ni wa majani ya Mashariki. Utamu wa Virginia hauonekani mwanzoni kabisa, unajitokeza baada ya theluthi ya kwanza ya kiko, tena kwa wembamba. Huko chini karibu na majivu ya mwisho ladha inakuwa kama mbao iliyoungua kidogo na chumvi kwa mbali. Mchanganyiko huu haukuwa mtamu kamwe. Anayesema amekuta asali na zabibu kavu ndani ya kopo jeupe anaelezea miaka.

Nani aongeze upande wa miaka?

---

JaniKavu

Mkuu MotoMdogo umefungua vizuri. Miaka haigusi majani yote kwa namna moja, na hapo ndipo watu wanapopotea.

Virginia ni tumbaku ya mvuke, ile inayokaushwa kwenye bani lenye joto bila moshi kuigusa. Joto linaizuia isile sukari yake, kwa hiyo inatoka banini na sukari nyingi. Ndani ya kopo lililobana, sukari hizo zinakutana na viini vya protini vya jani na kufanya kazi ileile inayotia rangi ganda la mkate, ila polepole mno kwa sababu hakuna moto. Pamoja na hapo, rangi ya njano ya jani inavunjika na kutoa harufu za chai, nyasi kavu na matunda makavu. Hivyo jani linazidi weusi, linapungua ukali wa ulimini, na linaelekea kwenye tende na zabibu. Mabadiliko makubwa unayaona ndani ya miaka mitano ya kwanza, kisha mwendo unapungua.

Majani ya Mashariki yanakaushwa juani. Ni madogo na yana nta ya kunata juu yake. Ndani ya nta hiyo mna sukari iliyofungwa na asidi. Fungo hilo linalegea kwa miaka na asidi inatoka. Ndiyo maana kopo la zamani lenye majani haya mengi lina harufu inayowatia watu shaka: jibini, ngozi yenye jasho, divai iliyochacha. Hiyo ni alama ya jani la Mashariki lililokomaa, haijaoza. Ikipata hewa saa chache inatulia na kuacha uchachu safi.

Latakia ni tumbaku ya moshi. Inakauka juani kwanza, kisha inatundikwa na kufukizwa kwa wiki nyingi mpaka inakuwa nyeusi. Harufu yake karibu yote imekuja kutoka nje, kutoka kwenye kuni. Jani lenyewe halina akiba kubwa ya kuzaa kitu kipya. Kwa hiyo miaka inaipunguza. Mwaka wa kwanza hadi wa tano inalainika na kuungana na wenzake, na hapo ndipo mchanganyiko wa Balkan unapokuwa na mizani nzuri kuliko wakati wote. Miaka kumi na tano hadi ishirini bado ipo lakini imerudi nyuma. Zaidi ya thelathini mara nyingi unabaki na kivuli: rangi nyeusi, harufu ya kabati la zamani, na Virginia iliyopanda juu ya wote.

Kwa hiyo kopo la miaka arobaini limegeuza mpangilio. Aliyekuwa nyuma yuko mbele.

---

KikoChaUdongo

Kwa hiyo hawa wanaotafuta kopo jeupe la zamani ili waonje "Balkan halisi" wanaonja kitu ambacho fundi hakukikusudia?

---

JaniKavu

Ndiyo. Wanaonja kitu kizuri, lakini siyo kile.

---

MzeeMajivu

Nipinge kidogo. Mnaongea kana kwamba Latakia ni moja. Kopo la zamani halitofautiani na jipya kwa umri peke yake. Jani lenyewe lilibadilika.

Latakia ya Syria na ya Cyprus ni vitu viwili. Ya Syria ilitokana na jani liitwalo shekk-el-bint na ilifukizwa kwa kuni za kule milimani, mialoni na misonobari ikiwemo. Ya Cyprus inatokana na jani la asili ya Smyrna, Uturuki, na inafukizwa zaidi kwa vichaka vya pwani kama mastiki na mihadasi. Moshi wa Cyprus ni mzito, mtamu kidogo, una lami na ngozi. Wa Syria ni mkavu, mkali puani, karibu na divai nyekundu na mbao iliyosuguliwa, na hauujazi mdomo kwa unene uleule. Syria iliacha kuitoa kwa wingi wa biashara baada ya misitu kuanza kulindwa, viwanda vya tumbaku vikageukia Latakia ya Cyprus. Michanganyiko mingi maarufu ya Uingereza ilibadilika hapo bila jina kubadilika.

Ukiweka kopo la kabla ya mabadiliko hayo kando ya la baadaye, usiseme "la zamani limekomaa zaidi". Sema jani ni lingine. Jaribu hivi: chukua uzi mweusi wa jani la Latakia, mmoja mmoja, kwenye mchanganyiko, uweke juu ya sahani ya udongo, uguse kwa ncha ya waya uliopashwa moto. Cyprus inatoa harufu ya lami na utamu. Syria inatoa moshi mkavu unaochoma pua haraka na kupotea. Siyo kipimo cha maabara, lakini kinakupa mwelekeo kuliko kunusa kopo zima.

Na hilo neno "Balkan" halina kanuni. Lilikuwa jina la bidhaa kabla halijawa jina la aina. Leo kila mchanganyiko wenye Latakia na majani ya Mashariki mengi unaitwa hivyo, na mabishano hayaishi. Tusipoteze uzi hapo.

---

FundiKopo

Wazee, kabla ya kubishana ladha, jueni kopo ni la lini. Naweka ninavyopanga.

Maandishi ya jina la mtengenezaji ndiyo ushahidi wa kwanza. Kopo jeupe lenye jina la Sobranie ya London peke yake linatangulia. Likiwa na jina la kampuni ya Gallaher ni la baadaye. Lenye jina la J.F. Germain & Son wa kisiwa cha Jersey ni la kuanzia 2011, mchanganyiko uliporudishwa sokoni.

Bei iliyochapwa au kubandikwa: ikiwa kwa shilingi na peni za zamani za Uingereza, ni kabla ya tarehe 15 Februari 1971, siku walipogeuza fedha zao. Mistari ya bei inayosomwa na mashine: duka la kwanza kuisoma lilikuwa Marekani mwaka 1974, hivyo kopo lenye mistari hiyo kwa kawaida si la kabla ya hapo. Kutokuwa nayo hakuthibitishi chochote. Uzito kwa aunsi peke yake ni dalili ya ukongwe, ila usiitegemee yenyewe tu.

Kwa makopo yaliyouzwa Marekani, stempu ya kodi iliyopita juu ya kifuniko ikiwa na neno Series na namba, jumlisha 1830 kwenye namba. Series 121 ni 1951.

Sasa ubanaji. Kopo la mviringo lililofungwa bila hewa, tazama kifuniko: kikiwa kimebonyea ndani kidogo, bado linabana. Kikiwa bapa kabisa na kinacheza ukikibonyeza kwa kidole gumba, hewa ilishaingia. Kikiwa kimevimba, usiogope mapema, maana Virginia nyingi zinatoa gesi ndani ya kopo na kuvimbisha kifuniko. Hatari ni kopo lililovimba lenye kutu kwenye mshono.

Kopo la pembe nne lenye kifuniko cha kubana au bawaba ndilo linaloongoza kwa kukausha. Pembe hazibani sawasawa. Utepe uliozunguka ukingo ukiwa mpya kuliko rangi ya kopo, mtu alishafungua na kufunga tena.

Litikise karibu na sikio. Jani lenye unyevu halisemi kitu, linasogea kama donge. Jani kavu linalia kama majani makavu ya mti. Kisha pima uzito wote. Ukiwa na kopo tupu la aina ileile, toa uzito wake, unabaki na uzito wa jani. Kopo la gramu 50 lenye jani la gramu 42 limepoteza maji karibu yote.

Kutu: ya nje inafutika, haina neno. Ya ndani inaanza kama madoa ya kahawia pale jani linapogusa bati, kwa sababu jani lina asidi na maji. Kikitokea kijitundu kimoja tu, miaka thelathini ya ubanaji imekwisha. Angalia chini ya kopo, siyo juu. Chini ndiko kunakokaa kwenye rafu yenye unyevu.

---

KikoChaUdongo

Swali langu sasa. Kopo limefunguliwa, jani limekauka mpaka linavunjika vidoleni. Nilisikia kwamba unanyunyizia maji tu na kulifunika. Ni sawa?

---

FundiKopo

Hapana, usinyunyizie. Jani kavu la miaka mingi ni kama karatasi iliyozeeka. Tone likiangukia sehemu moja linalowesha hapo tu, linaosha ladha ya juu na kuacha doa linalopata kuvu baada ya siku mbili.

Fanya kwa hesabu. Kiwandani tumbaku ya kiko huingia koponi ikiwa na maji takribani asilimia 18. Kwa kopo la gramu 50, hiyo ni gramu 41 za jani kavu na gramu 9 za maji. Unataka kuvuta kwenye asilimia 13 hivi. Gramu 41 ukigawa kwa 0.87 unapata gramu 47. Kwa kifupi, zidisha uzito ulioandikwa kwa 0.94 na hapo ndipo mizani isimame. Kopo la aunsi mbili, gramu 56.7, linasimama gramu 53.

Jani lako likipima gramu 43, linahitaji gramu 4 za maji, yaani mililita 4. Ona mwenyewe jinsi zilivyo chache. Mtu anayenyunyizia anaweka 10 bila kujua.

Namna ya kuyaingiza: mwaga jani kwenye bakuli pana la kioo, lisizidi unene wa vidole viwili, usilifikiche. Loweka kitambaa safi cha pamba kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, kikamue sana, kitandaze juu ya mdomo wa bakuli kisiguse jani. Funika kwa sahani. Kila saa tatu ondoa kitambaa, geuza jani taratibu kwa mikono mikavu, pima. Usiku toa kitambaa kabisa, funika kwa sahani peke yake ili maji yasambae mpaka moyoni mwa jani. Inachukua siku moja mpaka tatu. Simama gramu moja kabla ya lengo, kwa sababu hujui kwa hakika jani liliingia koponi na asilimia 18 au 20, na kupunguza maji ni kazi kuliko kuongeza.

Kisha litie kwenye mtungi wa kioo wenye kifuniko cha mpira, liache wiki mbili kabla ya kulihukumu. Siku ya kwanza linaonja kama karatasi yenye maji. Watu wengi wanalitupa hapo.

---

MzeeMajivu

Hesabu nzuri, ila uwaambie ukweli wote. Maji yanarudi, harufu iliyopaa hairudi. Jani lililokauka ndani ya kopo lililobana ni nadra. Lililokauka limekauka kwa sababu kopo lilivuja, na palipotoka maji palitoka na harufu nyepesi. Unachokirudisha ni uwezo wa kuungua polepole. Utamu wa chini utaupata, na uchachu kiasi. Moshi wa juu wa Latakia umekwenda.

Ndiyo maana mimi kopo lililokauka silihesabu kwenye mjadala wa ladha ya mchanganyiko fulani. Ni la kuvuta, siyo la kutolea hukumu.

---

FundiKopo

Hapo nakubaliana nawe, mzee.

---

Mvukutio

Mimi nimekuja na upande wa kuvuta, kwa sababu nusu ya "ladha mbaya ya kopo la zamani" inaletwa na kiko.

Kiko chenye masizi ya michanganyiko mingine kinakudanganya. Kwa kuonja tumia kiko cha udongo, hakina ladha yake na unakisafisha kwa kukiingiza kwenye makaa. Kinapata moto haraka, kwa hiyo kishike shingoni, na vuta kidogo. Ukitumia cha mbao ya briari, kiwe ambacho hakijawahi kuvutiwa tumbaku yenye manukato. Michanganyiko ya Kendal, Uingereza, iliyotiwa mafuta ya maua na tonka (mbegu yenye manukato) inakaa kwenye mbao miezi. Latakia nayo inakaa. Aliyetoka kuvuta 759 akahamia Virginia ya zamani kwenye kiko kilekile atasema Virginia ina moshi.

Ujazaji: jani la zamani limekuwa jepesi na linavunjika, linashikana kuliko jipya. Ukishindilia kama ulivyozoea, moshi haupiti. Dondosha kwa mvuto wake mpaka ukingoni, gusa kwa kidole mpaka lishuke nusu, dondosha tena, gusa mpaka robo tatu, kisha juu kidogo kwa uzito uleule. Ukivuta bila moto usikie ukinzani kama wa kunywa maji kwa mrija mpana. Ukinzani wa uji mzito maana yake toa yote uanze upya.

Moto wa kwanza ni wa kuchoma juu tu. Acha lipande, libonyeze kwa uzito wa chombo peke yake, washa tena. Baadaye vuta mara mbili au tatu kwa dakika, kwa mdomo, bila kuingiza mapafuni. Jani lenye sukari nyingi likipata moto mkali linatoa mvuke unaounguza ulimi, na ulimi ukishaungua hakuna ladha tena siku hiyo. Kiko kikizimika, kiache kizimike. Kuwasha tena baada ya nusu saa siyo aibu, ila harufu ya majivu baridi itakuja kwanza, usiihesabu.

Jambo moja zaidi: andika ladha kwa theluthi. Theluthi ya juu inakuonyesha Latakia na majani ya Mashariki. Ya kati inakuonyesha Virginia. Ya chini inakuonyesha unyevu na ufundi wako wa kujaza kuliko mchanganyiko. Anayehukumu kwa theluthi ya chini anajihukumu mwenyewe.

---

BintiMoshi

Naomba niulize wajuzi. Haya yote yanahusu Sobranie tu, au na tumbaku za Dunhill za zamani? Kuna mabishano kila siku kuhusu mchanganyiko wao wa My Mixture 965, ule uliotengenezwa na Murray na ule wa baadaye.

---

MzeeMajivu

Dada, kanuni ni ileile, historia ni tofauti. Dunhill ilihamishia utengenezaji kwa Murray wa Belfast mwaka 1981. Murray ilipofungwa 2005 kazi ikaenda Orlik, Denmark. Mwaka 2018 jina la Dunhill likaachwa kwenye tumbaku ya kiko na makopo yakarudi na jina la Peterson. Kwa hiyo 965 moja ina angalau mikono mitatu.

965 ina Latakia, majani ya Makedonia, na Virginia iliyoshinikizwa na kupikwa kwa mvuke mpaka ikawa ya kahawia. Hiyo ya kahawia ndiyo inayoipa utamu mzito wa chini ambao kopo jeupe la Sobranie halina. Kwenye kopo la Murray lenye miaka ishirini na tano utamu huo umekuwa karibu sukari iliyoungua, na Latakia imekaa kama harufu ya koti. Ukiweka kando kopo la Orlik la miaka kumi, wengi wanasema "Murray walikuwa mafundi zaidi". Labda. Lakini umelinganisha miaka ishirini na tano na kumi. Linganisha umri na umri, ama sivyo unasifia kalenda.

Mfano mwingine wa jina linalodanganya ni Three Nuns, ile ya visahani vya mviringo, ya J & F Bell wa Glasgow. Ya zamani ilikuwa na Perique, tumbaku ya Louisiana inayoshinikizwa ndani ya mapipa na kuvundikwa kwa mwaka mzima hivi. Ya baadaye ilitiwa Kentucky, tumbaku ya moshi, badala yake. Perique inaleta pilipili puani na matunda yaliyochacha. Kentucky inaleta nyama ya moshi na uzito wa nikotini. Hakuna miaka itakayoigeuza moja kuwa nyingine.

---

JaniKavu

Na kwa wanaopenda Virginia tupu, ndiko umri unakolipa kuliko kwingine. McClelland, watengenezaji wa Marekani waliofunga 2018, walijulikana kwa siki inayopiga pua kopo likifunguliwa. Hiyo inapaa ikipata hewa. Kinachobaki baada ya siku mbili kwenye mtungi uliolegezwa kifuniko ndicho cha kuonja.

---

BintiMoshi

Asanteni sana. Na chembechembe nyeupe juu ya jani? Nitajuaje kama ni fuwele au kuvu?

---

FundiKopo

Chukua kioo cha kukuza. Fuwele zinang'aa, zina pembe, zimekaa juu ya jani kama chumvi laini, na zinayeyuka ukigusa kwa kidole chenye unyevu. Kuvu ana nywele au vumbi, anafunga jani moja na lingine, mara nyingi ana kijani au kijivu, na harufu yake ni ya ghala lenye maji. Jani lenye kuvu halinusuriki. Usikate sehemu mbovu ukabakiza iliyobaki, mbegu zake zimeenea kopo zima. Tupa, na uchemshe mtungi.

Nyingine inayotisha bure ni Latakia yenye vumbi la kijivu hafifu linaloshika vidole. Mara nyingi ni masizi ya kufukiza. Harufu inaamua.

---

Mvukutio

Na kwa vile hapa kuna wageni: umri haupunguzi madhara. Nikotini imo ileile, na majani yaliyofukizwa yanabeba mabaki ya moshi wa kuni juu ya moshi wako mwenyewe. Ladha laini inawadanganya watu wavute kwa wingi. Ukisikia kwikwi, jasho baridi au kichefuchefu, weka kiko chini, kunywa maji.

---

KikoChaUdongo

Nimewasoma wakuu. Sasa mtu asiye na kopo la zamani, anayetaka kujua mchanganyiko ulikusudiwa kuwaje, afanye nini? Achanganye mwenyewe?

---

MotoMdogo

Ndiyo, na hapa ndipo nilipotaka tufike. Changanya kwa kiasi kidogo, gramu 10, ili ukikosea usijute. Huu ni msingi wa aina ya Balkan, haudai kuwa siri ya nyumba yoyote:

Latakia ya Cyprus gramu 4
Majani ya Mashariki gramu 3
Virginia nyekundu gramu 2
Virginia ya njano gramu 1

Vyote viwe na unyevu mmoja kabla ya kuchanganya. Ukiweka Latakia iliyolowa na Virginia kavu, Virginia itanyonya maji ya moshi na kila kitu kitaonja lami. Changanya kwa vidole kwa kuinua na kudondosha, usisugue. Tia kwenye mtungi mdogo ulioujaza mpaka karibu na kifuniko, kaa nao wiki nne penye giza na ubaridi wa kawaida wa chumba. Friji hapana.

Baada ya hapo andaa la pili ukibadilisha vipimo viwili tu: Latakia 3, Mashariki 4. Onja yote mawili siku moja, kiko cha udongo kimoja kimoja, saa mbili katikati. Utasikia wazi kwamba la pili, ingawa lina moshi mdogo, ndilo lenye uchachu mkavu na harufu ya ngozi kuukuu. Sifa ambayo watu wanaiita "uzee wa Sobranie" inatoka kwenye majani ya Mashariki kwa kiasi kikubwa. Majani mazuri ya aina hiyo ni magumu kuyapata kuliko Latakia, ndiyo maana michanganyiko mingi ya leo inajazia moshi na kuiita Balkan.

Hili la Germain la kuanzia 2011 ukilipima kwa jicho hilo, lina moshi safi na Virginia nzuri, lakini uchachu wake ni mfupi. Ukiliweka miaka mitano hadi saba mtungini unasogea mbele kidogo kwa sababu moshi umerudi nyuma. Likipita kumi na tano, Virginia inaanza kutawala na unakuwa na kitu kingine.

---

MzeeMajivu

Ongeza kipimo cha tatu: badala ya gramu zote tatu za Mashariki kuwa jani moja, weka mbili za aina ya Basma au Xanthi na moja ya Smyrna. Smyrna inazungusha. Basma peke yake inachoma pua kidogo.

---

JaniKavu

Na mtungi uandikwe tarehe, uzito na unyevu wa siku ya kufunga. Bila hivyo miaka saba ijayo tutafungua uzi huuhuu.

---

KikoChaUdongo

Swali la mwisho. Kopo la zamani lilikuwa limebana vizuri, sasa limefunguliwa, jani lina unyevu. Nina muda gani kabla halijashuka?

---

FundiKopo

Mfupi kuliko unavyofikiri. Siku tatu za kwanza harufu ya jibini na divai inatulia, na kuanzia ya nne mpaka mwisho wa mwezi wa pili ndiyo nafasi yako nzuri. Lihamishe lote kwenye mitungi midogo siku uliyofungua, gramu 10 hadi 15 kila mmoja, ijae, usiache nafasi ya hewa. Fungua mmoja mmoja. Aliyeacha gramu 50 kwenye kopo lenye kifuniko cha bati kilichokwisha kukatwa, mwezi wa nne anavuta majani matupu.